Bibi ya Papa

Huku Stockholm majani hayaanguki kwa kushtukiza. Kwanza linageuka moja, kwenye mti ulio mbele ya dirisha lako. Unaliona asubuhi ukivaa viatu na kujiambia ni jua tu limeliunguza. Ukija kutahamaki, mti mzima umekuwa na rangi ya ndizi mbivu, na mtaa umejaa mwanga ambao huelewi unatoka wapi, maana juu mawingu yametanda. Siku hizo watu hutembea polepole, hata wale wanaowahi treni.

Dative alikuwa ameishi hapo miaka mingi bila kulitazama jani hata moja. Kwake majira hayo yalikuwa mlango wa baridi, basi. Asubuhi alivuka mitaa ya Farsta, alikoishi, kichwa chini, akaingia kwenye duka la ushonaji alikoajiriwa, na kutwa nzima akapunguza suruali za Waswidi warefu walionunua suruali ndefu kuliko wao. Alikuwa Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura; mikono yake myepesi, ulimi wake mzito kwa mambo yanayomhusu mwenyewe. Umri wake ulikuwa ule ambao watu wameacha kukuuliza utaolewa lini na wameanza kukuuliza utaleta chakula gani kwenye sherehe.

Mwaka huu aliyatazama majani, na sababu yake ilikuwa zipu.

Zipu hiyo ilikuwa ya koti la Aurore, mtoto wa miaka saba, nayo iligoma kanisani Hallunda, mahali ambapo Wakongo na Warundi husali pamoja kwa Kiswahili Jumapili mchana. Dative alikuwa amehamia usharika huo majira ya kuchipua tu, hajawazoea watu. Alimvuta mtoto kwenye benchi la nyuma, akapaka zipu sabuni kavu, akaibana meno kwa koleo dogo alilotembea nalo mkobani, ikapanda. Aurore akaishusha na kuipandisha mpaka mahubiri yakaisha, kisha akaamua, bila kumshauri mtu, kwamba huyu ni tantine wake, yaani shangazi.

Baba wa mtoto alikuwa Firmin, Mkongo wa Uvira, dereva wa basi, mjane. Mkewe alifariki kambini Uganda, Aurore akiwa bado anatambaa, na Firmin akaja Uswidi na mtoto mgongoni. Alikuwa mtu mwema, safi, mpole, lakini domo zege la kupindukia. Ukimwuliza swali Jumapili, jibu unalipata Jumatano, tena kwa kutikisa kichwa. Mtu aliyekuja kumwambia Dative kwamba Jumamosi wanakwenda msituni kutafuta uyoga, na kwamba papa, yaani baba yake, anauliza kama naye atakuja, alikuwa Aurore. Papa mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, anakagua viatu vyake.

Basi wakaenda, na Jumamosi iliyofuata wakaenda tena, mpaka ikawa desturi. Dative alipanda treni asubuhi kutoka Farsta, akabadilisha mjini, akashuka Fittja, akawakuta wanamngoja na kikapu. Waliingia kwenye msitu wa upande wa ziwa la Alby, ambako ardhi ni laini, unakanyaga kama unakanyaga godoro. Firmin aliujua uyoga wa milima ya kwao, lakini wa huku hakuuamini hata kidogo. Waliokota ule wa njano tu, ambao kila mtu anaujua, na mwingine wote waliuinamia, wakauchunguza, wakauacha. Aurore alitangulia mbele akiita kwa Kiswidi kila alichokiona. Baba yake alimjibu kwa Kiswahili, na msitu ukawajibu wote wawili kwa ukimya.

Siku moja ukungu uliwakuta kwenye gati la mbao, ukameza ziwa, ukameza ng'ambo, ukameza na magorofa ya Fittja. Walibaki wao watatu na chupa ya chai. Firmin alimenya chungwa kwa utaratibu wake, akatoa nyuzi zote nyeupe, akampa Dative lote zima bila neno. Dative alilila polepole. Moyoni aliona kwamba kama ukungu ule usingeondoka tena, asingelalamika kwa mtu yeyote.

Kwani alikuwa amempenda. Tuseme wazi tu, maana wao wenyewe hawakusema. Alimpenda mwanamume yule asiyejua kuongea na mtoto yule asiyejua kunyamaza, na kila Jumamosi jioni, wakishakula uyoga kwa bugali jikoni kwa Firmin, treni ya kurudi Farsta ilimwonekea ndefu kuliko ya kuja. Hakuwa na haraka. Shida yake ilikuwa moja: Firmin alimwita “Dada Dative”, kama alivyowaita wanawake wote wa kanisa, mpaka mzee mmoja wa kwaya mwenye miaka themanini.

Halafu mwezi wa kumi, wakiwa wanachambua beri nyekundu mezani, Firmin alitamka bila kuulizwa. Alisema Noeli ya mwaka huu itakuwa Noeli ya kweli, kuna jambo analingojea, ila hawezi kulitaja kabla ya wakati wake. Akaona haya, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. Dative alirudi nyumbani usiku huo na moyo mwepesi. Kesho yake alinunua kitambaa cha sufu rangi ya divai, akakata gauni ambalo hakuwa na mahali pa kulivaa.

Siku ya kuwakumbuka marehemu ilifika, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Waswidi siku hiyo huenda makaburini na mishumaa. Walikwenda kwenye makaburi makubwa ya msituni, yale yaliyo njiani kuelekea Farsta, ambako kuna mahali pa kuwashia mshumaa hata kwa mtu aliyezikwa mbali. Saa kumi jioni giza lilikuwa limeshatua chini ya misonobari, na humo gizani mishumaa ilienea kilima kizima, mingi mno, haitikisiki, watu wakipita katikati yake wakinong'ona. Firmin aliwasha mmoja kwa ajili ya mama Aurore. Akasimama mbali kidogo, kofia mkononi, akiongea na mkewe kwa namna yake, yaani kimya.

Aurore alikuwa ameshika mkono wa Dative. Alitazama taa zile muda mrefu, kisha akamvuta koti kumwinamisha. Alisema ana siri, na papa amemkataza.

“Bibi ya papa anakuya Noeli,” alinong'ona. “Atalala kwetu. Atakaa.”

Dative alimwuliza: bibi ya nani? Ya papa, alisema mtoto, akishangaa kuulizwa jambo jepesi namna hiyo.

Sasa hapa ndipo ilipo kazi. Aurore alikuwa akifundishwa Kiswahili shuleni mara moja kwa juma, na mwalimu wake alikuwa mama mmoja wa Morogoro. Juma lile walisoma watu wa nyumbani. Aurore alisema nyanya wa baba yake, yule aliyemlea huko Uvira, anaitwa Koko, na mwalimu kwa upole akamwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu mtu huyo ni bibi. Mtoto akalipenda neno hilo jipya, akalibeba mpaka makaburini. Lakini kwa Dative, Mrundi wa Buyenzi, na kwa Firmin vilevile, Mkongo wa Uvira, bibi ya mtu ni mke wake wa ndoa. Neno hilo halina maana nyingine. Bwana na bibi, harusi imefungwa, keki imekatwa.

Dative alisimama katikati ya ile mishumaa. Swali moja tu lingetosha. Angemgeukia Firmin, hatua chache pale, akamwuliza ni nani anayekuja Noeli, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini alimwona amesimama na kofia mkononi mbele ya mshumaa wa marehemu, akaona si mahali pa kuuliza. Na alipofika mahali pa kuuliza alikuwa ameshajijibu. Ilieleweka, bwana. Mjane mwenye mtoto, ndugu zake Uvira wamemtafutia mke, binti wa watu wanaojuana nao, na karatasi zimekamilika. Wangapi walikuwa wamefanya hivyo mbele ya macho yake? Lile jambo analolingojea, basi, lilikuwa hilo.

Tangu hapo kila alichokiona kilishuhudia. Simu ya Firmin ikilia kutoka kwao, alitoka nayo barazani na kufunga mlango wa kioo, na kupitia kioo Dative alimwona akitabasamu kwa uso mzima, tabasamu asilolitoa ndani. Kile chumba kidogo kilichokuwa na baiskeli na masanduku kilimwagwa nje, kikapakwa rangi. Kikaingia kitanda. Dative alichungulia akapima kwa jicho la fundi, akaona ni kipana, cha watu wawili. Hakujua kwamba Aurore ndiye aliyelilia kitanda kipana, ili alale na mgeni.

Na Firmin hakusema kwa sababu aliwahi kusema. Mwaka uliotangulia alisimama kanisani, akatoa shukrani kwamba nyanya yake anakuja, watu wakapiga makofi. Juma lililofuata viza ikakataliwa, na miezi ikapita watu wakimpa pole kama aliyefiwa. Safari hii aliapa kwamba hatamwambia kiumbe mpaka Koko amekanyaga uwanja wa ndege wa Arlanda. Na katika viumbe hao Dative alikuwamo.

Dative akaanza kukosa Jumamosi. Alisema kazi ni nyingi, Noeli inakaribia na kila mtu anataka suruali yake. Nusu yake ilikuwa kweli. Majani yalikuwa yameisha mitini. Alipita juu ya yale yaliyoanguka, yameloa, yamekuwa rangi ya chai, na hakuyatazama. Firmin alimpigia, akauliza kama baridi inamsumbua. Dative akasema ndiyo, baridi.

Siku moja alitokea mwenyewe dukani Farsta, amevaa sare ya kazi, na furushi kwapani. Ndani yake kulikuwa na kitenge cha buluu chenye ndege wadogo weupe. Alitaka mapazia ya kile chumba kidogo. Alisema mgeni wake anapenda kitenge, na asiamke kwenye chumba chenye mapazia ya dukani, akafikiri amelazwa hospitali. Kwa Firmin hiyo ilikuwa hotuba.

“Mgeni wako,” alisema Dative.

“Akifika nitasema, Dada Dative. Ngoja afike tu. Yote yatanyooka.”

Dative alikichukua kitenge. Angeweza kukataa, na wengine mngekataa. Lakini usiku ule, akikitandaza kitambaa mezani kwake, alimfikiria yule mwanamke. Alimwona akishuka kwenye ndege mwezi wa kumi na mbili, hajui lugha, hajui kwamba jua litatua kabla hajamaliza chakula cha mchana. Dative naye alifika huku mwezi kama huo. Walimpa chumba chenye dirisha tupu, na giza likamtazama usiku kucha, akalala amejifunika uso. Mwanamke yule hakuwa na kosa lolote. Akatafuta kipande cha flana nzito, akakitia ndani ya kitenge kiwe bitana, baridi isipenye. Alishona akilia, akijifuta kwa mkono wa sweta ili machozi yasidondoke kwenye ndege. Alikuwa na wivu pia, tusimfanye malaika. Kuna mshono aliuvuta kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Kisha akampigia Elvire, binamu yake anayeishi Örebro, ndugu pekee aliyebaki naye katika nchi hii, akamwuliza kama anaweza kula Noeli kwake. Elvire alifurahi kupita kiasi. Akauliza na wale watu wake wa Fittja je, akajibiwa kwamba wana wageni wao.

Aurore, hata hivyo, alikuwa ameahidiwa jambo, na ahadi ya mtoto si ya kuchezea. Tangu msituni Dative alimwahidi kwamba watapika pamoja mikate ya zafarani, ile ya njano iliyopindwa ncha zake, ambayo Waswidi huila sikukuu ya Lucia, katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Akaenda. Akatokea kituoni Fittja, na barabara yote ilikuwa imewashwa nyota za karatasi madirishani, nyekundu na nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa mpaka zile za mwisho zikawa ndogo kama nyota za kweli. Theluji nyembamba ilikuwa inaanguka, haifiki chini. Alipanda lifti akiwa na hakika kwamba anaona kila kitu kwa mara ya mwisho, na kwa ajili hiyo kila kitu kilikuwa kizuri mno.

Jiko lilinukia zafarani. Aurore alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alipinda mkate wa papa, akapinda wa tantine, akapinda wake, kisha akatwaa donge lililobaki, kubwa kuliko yote, akasema hilo ni la bibi. Akampa Dative zabibu kavu azitie yeye kuwa macho ya mkate huo. Dative alizitia moja huku, moja huku, akazibonyeza kwa kidole. Firmin alikuwa mlangoni anatazama mikono yake. Alifungua kinywa. Akakifunga, akaenda kuangalia oveni.

Dative aliuona mdomo ule ukifunguka na kufungwa, akaona huruma badala ya hasira. Maskini, alifikiri, anashindwa kuniambia. Akamsaidia: akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba Noeli atakuwa Örebro kwa Elvire. Firmin aligeuka na tambara la kushikia sufuria mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa basi lake limeibwa. Aliuliza kama hawezi kwenda baadaye, hata siku ya pili yake. Dative alisema haiwezekani, tiketi ameshakata. Mikate ikaanza kuungua, wakashughulika nayo.

Mgeni alikuwa anafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli. Siku hiyohiyo jioni Dative alikuwa apande basi la Örebro. Walikubaliana kwamba mchana, Firmin na mtoto wakiwa Arlanda, yeye apite na mapazia, ayatundike, arudishe ufunguo kwa jirani na aende zake. Yeye ndiye aliyependekeza hivyo. Alitaka kazi yake ionekane na mwenyewe asionekane.

Aliingia saa saba. Nyumba ilikuwa kimya, imepigwa deki, ina harufu ya wali wa nazi uliofunikwa. Kwenye dirisha la sebule nyota ya karatasi ilikuwa inawaka ingawa ni mchana. Aliweka begi lake la safari mlangoni, akapanda kwenye kigoda, akatundika pazia la kwanza. Aliposhuka kulichukua la pili aliona pindo lake la chini limekwenda mrama, ule mshono wa hasira. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona. Akaketi ukingoni mwa kitanda kipya, akafumua, akaanza kushona upya kwa mkono.

Humo chumbani palikuwa na joto, na nje mwanga wa bluu wa mchana wa huku ulikuwa unafifia taratibu, theluji ikishuka moja kwa moja, bila upepo, bila sauti. Sindano ilipanda ikashuka. Aliwaza kwamba ndege wale weupe wangekuwa na nafasi ya kutosha hapa, kwamba asubuhi wangewaka mwanga ukiwapitia, na ingekuwa vizuri kuamka hapo na kusikia Aurore akibishana na soksi zake jikoni. Aliwaza hivyo kwa muda, na wala hakujizuia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona. Lini alifumba macho hakujua.

Kilichomwamsha ni lifti. Kisha sauti ya Aurore ukumbini, kisha ufunguo. Dative aliruka, akatazama huku na huku, hapakuwa na pa kupita. Akapanda kigodani na pazia mikononi, afadhali akutwe kazini kuliko kitandani. Alikaza uso, akajiandalia salamu: karibu sana, dada, pole na safari. Akairudia mara mbili kwa pumzi.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mzee sana, mfupi, amevaa koti la kazi la Firmin lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na juu ya kilemba amefungwa skafu mbili. Aurore alikuwa amemshika mkono huu, Firmin mkono ule. Dative akamsalimu shikamoo kwa haraka, akaangalia nyuma yao. Mlango wa nje ulijifunga. Hapakuwa na mwingine.

“Na bibi yako wapi?” alimwuliza Firmin.

“Si huyu?” alisema Aurore. “Bibi ya papa. Papa anamwita Koko, lakini mwalimu alisema bibi.”

Dative alishuka kigodani. Alimtazama yule mzee, akamtazama Firmin, akaanza kucheka, na kicheko kikabadilika njiani, ikawa ametia uso ndani ya kitenge analia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Firmin alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, alikaa chini pale pale sakafuni, na viatu vyake vya theluji.

“Ulifikiri ninaoa,” alisema.

“Sasa ningefikiri nini? Kitanda. Mapazia. Unatabasamu barazani.”

Akaeleza, kwa vipande, habari ya viza, na watu kanisani, na kiapo. Dative alimsikiliza mpaka mwisho, na sasa ndipo hasira ikaja, hasira safi ya mtu aliyepona. Alimwambia kwamba amembebesha mzigo tangu ile siku ya mishumaa, kwamba ameshona pazia hili akimlaani na kumwombea kwa uzi mmoja. Firmin alikubali kila kitu kwa kichwa.

Koko alikuwa ameketi kitandani, anavua skafu moja moja. Hakuharakishwa na mambo ya watu. Aliuliza, akimnyooshea Dative kidevu: “Ndiye huyu?”

“Ndiye,” alisema Firmin kutoka sakafuni.

“Basi nyamazeni, niseme kabla sijasahau. Ndani ya ndege nimeyapanga maneno usiku wote.” Akaweka mikono magotini. “Mwanangu, mimi sikutoka Uvira kuja kuangalia baridi. Kwetu mutu hajiombee mwanamuke mwenyewe, ni kukosa heshima. Anasemewa na mukubwa wake. Huyu baba yake alikufa, mama yake alikufa, wakubwa waliisha, nimebaki mimi. Mwaka jana aliniita nije kupumuzika, wakanikatalia, nikaona sawa. Mwaka huu akanipigia, akasema, Koko, jikaze uje, niko na mwanamuke wa kuniombea. Ndiyo nimekuja. Sasa wewe wakubwa wako ni nani? Niongee na nani?”

Chumba kilikuwa kimeingia giza nusu, na hakuna aliyekumbuka taa. Dative alisimama na pazia mikononi. Sasa aliona yote kwa mara moja: chumba kilichopakwa rangi, zile simu za barazani, mdomo uliofunguka jikoni ukafungwa. Ngoja afike, alisema. Yule mgeni aliyemshonea akilia, na kumkimbia mpaka Örebro, alikuwa amevuka dunia kwa miguu inayouma ili aje kumwomba yeye.

Akasema wazazi wake wamelala Bujumbura. Akasema ana binamu mmoja, Elvire, ambaye ni mdogo kwake, si mkubwa wa kuzungumza naye.

“Koko, mimi sina wa kunisemea. Nitajisemea.”

Mzee alifikiri. Alimtazama mjukuu wake, akatazama theluji, kama kwamba baridi hiyo ndiyo inayoharibu desturi, akashusha pumzi. “Haya. Sema, mama.”

“Ninamupenda,” alisema Dative. “Yeye na mtoto. Tangu msituni. Nimekubali. Lakini na yeye aseme, kwa kinywa chake, mimi nisikie. Kukaa na mtu wa kubahatisha siwezi tena.”

Koko akasema kazi yake imekwisha, iliyobaki si yake, akajilaza kitandani na koti lote na kufumba macho. Hakulala; alisikiliza kama kila mtu.

Firmin alinyanyuka. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha, hata Aurore. Akamwita Dative, bila dada. Akasema amempenda tangu ile zipu. Akasema anapoendesha basi la mwisho, likiwa tupu, huwa anaongea naye kwa sauti, anamweleza yote, mpaka anafika mwisho wa njia. Ni akimwona ndipo maneno hukauka. Akasema anaomba akae. Alisema mengi siku ile, mengine hayaeleweki, mengine kwa Kifaransa, na Dative aliyasikia yote.

Baadaye Aurore aliwasha taa, na wakaliinua pazia la pili pamoja, huyu ncha hii, huyu ncha ile. Pindo lake lilikuwa bado halijashonwa upande mmoja. Koko, macho yamefumbwa, aliuliza kama katika nchi hii watu hula.

Wali ukawekwa jikoni upate moto. Dative alitoka ukumbini penye begi lake, akampigia Elvire. Elvire alikuwa tayari anavaa viatu, anajiandaa kwenda kituoni mapema, maana theluji ni nyingi, akataka kujua basi linafika saa ngapi. Dative akamwambia avue viatu, haji. Elvire akauliza kuna nini. Dative akasema hakuna neno, ni kwamba hapa kwetu tumepata mgeni, ametoka mbali, na bado hajala.